Nimepewa siku 60 Uingereza, na shoga yangu ananiambia nijilipue

SWALI

Shikamoo dada. Nimekuwa nikisoma majibu yako tangu niko nyumbani Tanga, wala sikuwaza kwamba ipo siku nitakuandikia mimi.

Nina miaka 34, nina mume na watoto wawili, mkubwa ana miaka 9 na mdogo 5. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 2023 wakala mmoja alituambia Uingereza wanatafuta watu wa kulea wazee, hizi kazi za kea, kibali ni cha miaka mitatu na familia inafuata. Tuliuza kiwanja chetu cha Pongwe, tukaongezea mkopo wa kikundi, tukampa milioni 18. Nikafika huku Novemba 2023. Tulikubaliana nitangulie, nipate pa kukaa, ndipo mume wangu na watoto waje. Machi 2024 tukasikia walezi hawaruhusiwi tena kuleta familia. Nililia wiki nzima, halafu nikakubali kwamba mlango umefungwa.

Kazi niliahidiwa saa 39 kwa wiki. Nilikuwa napata 15, wiki nyingine 12. Nikitoka kwa mzee mmoja natembea kwa miguu mpaka kwa mwingine, mvua inanyesha, na muda wa njiani haulipwi. Sikulalamika, maana bosi alishatuambia, "Ukifungua mdomo nafuta viza yako." Septemba 2025 ofisi ikafungwa, simu hazipokelewi. Kumbe serikali imewanyang'anya leseni ya kudhamini wafanyakazi kutoka nje. Nawadai mishahara ya miezi miwili. Tangu hapo nalala sebuleni kwa shoga yangu, nakula akiba.

Tarehe 9 Januari ikaja barua pepe ya Home Office, wizara ya mambo ya ndani ya huku. Haikuja kwangu, ilikwenda kwa wakala, kwa sababu akaunti yangu ya viza aliifungua yeye kwa anwani yake. Alinitumia picha yake WhatsApp siku nane baadaye. Inasema kibali changu kinakatwa, mwisho ni tarehe 10 Machi 2026.

Shoga yangu anasema nisihangaike, nijilipue, yaani niombe ukimbizi kwa hadithi ya uongo. Niseme mimi ni Mbajuni wa visiwa vya Somalia, Kiswahili ninacho, baibui ninalo, pasi niitupe. Nikipata ukimbizi nitawavuta watoto. Anamjua mtu wa kunipangia hadithi kwa pauni 1,500. Binamu ya mume wangu aliye Ujerumani naye ananiita kwake. Mume wangu anasema nirudi tu nyumbani, lakini kiwanja hatuna tena na mkopo bado unadai.

Mdogo kila tukipigiana video ananiuliza, "Mama unakuja lini?" Namwambia Ijumaa. Sasa ameshajua kuhesabu siku, dada. Nifanye nini?

Mama wa Wawili, Leicester

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu kuna sentensi moja iliyonifanya nisimame. Nianze na hiyo kabla ya mambo ya Wabajuni.

Umesema uliposikia habari ya Machi 2024 ulikubali kwamba mlango wa watoto umefungwa. Nani alikwambia umefungwa kwako? Marufuku ya walezi kuleta mume au mke na watoto ilianza tarehe 11 Machi 2024, na inawahusu walioingia kwenye njia hiyo kuanzia siku hiyo. Wewe ulifika Novemba 2023. Kanuni iliwaacha nje ya marufuku walezi waliokwishakuwa na kibali kabla ya tarehe hiyo: wanaweza kuongeza muda, kubadilisha mwajiri, na kuleta familia hata kama walikuwa bado hawajaileta, ili mradi kibali chao cha ulezi hakijakatika katikati. Mwaka mmoja na miezi kumi umekaa na haki hiyo mfukoni bila kujua, na hakuna aliyekwambia, wala wakala uliyempa milioni 18.

Ndiyo maana nakuomba, kwa herufi kubwa kama ningeweza kuziandika moyoni mwako, usijilipue. Kwa sababu kitu cha kwanza kitakacholipuka ni haki hiyo.

Sasa tuliangalie hilo la ukimbizi kwa utulivu, maana shoga yako anakupenda lakini habari alizonazo ni za zamani. Miaka ile watu walikuwa wanasema, ukipata hifadhi unakaa miaka mitano, unapata makazi ya kudumu, na familia inaletwa. Hiyo Uingereza haipo tena. Tarehe 4 Septemba 2025 serikali ilisimamisha kupokea maombi mapya ya wakimbizi kuleta mume, mke na watoto wao. Soma tena hapo. Hata aliyekimbia risasi kweli, akakubaliwa, hana njia ile ya kumwita mwanawe. Kisha tarehe 17 Novemba 2025 Waziri wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood, akatangaza mpango wa kuufanya ukimbizi uwe wa muda: kibali cha miezi 30 kinachokaguliwa upya kila kikiisha, na nchi yako ikionekana imetulia unarudishwa. Kupata makazi ya kudumu kwa njia hiyo, miaka 20. Mfano wameuchukua Denmark, ambako ukimbizi umefanywa wa muda tangu mwaka 2015 na zaidi baada ya 2019. Kwa hiyo mtu akikwambia "jilipue utawavuta watoto", anakuuzia mlango ambao wenyewe wameshaubomoa na kujenga ukuta.

Na wakati unasubiri utakula nini? Mwombaji hifadhi haruhusiwi kufanya kazi. Anaweza kuomba ruhusa baada ya miezi 12 kama jibu limechelewa bila kosa lake, na hata hapo ni kwa kazi zilizo kwenye orodha maalumu tu. Posho ya anayejipikia ni pauni 49.18 kwa wiki. Mkopo wa kikundi hauwezi kulipwa na hiyo.

Halafu hilo la Ubajuni. Mdogo wangu, ile siku ulipokwenda kituo cha viza Dar es Salaam ukaweka vidole vyako kumi juu ya kioo, ukaangalia kamera, Home Office walikuandika: Mtanzania, jina hili, pasi hii. Pasi unaweza kuitupa mtoni. Vidole utavitupa wapi? Siku utakapokaa mbele ya ofisa ukasema umezaliwa visiwani Koyama au Chula, ataweka vidole vyako kwenye mashine na jina lako la Tanga litatokea kabla hujamaliza sentensi. Kudanganya ili upate kibali ni kosa la jinai, na ombi likikataliwa kwa udanganyifu unaweza kufungiwa kuomba viza nyingine kwa miaka 10.

Nami hili linaniuma kwa sababu nyingine. Wabajuni wa kweli wapo, na walikimbia kweli, vita vya Somalia viliwafukuza visiwani kwao. Walipofika hapa walikuta Waswahili wa Mombasa na Dar wameshajiita Wabajuni kabla yao. Matokeo yake wakaanza kurekodiwa sauti na wachambuzi wa lugha, kuulizwa visima, kuulizwa majina ya samaki, na bibi kizee asiyejua jibu moja anaambiwa mwongo. Kila aliyekaa kwenye kiti kile na hadithi ya kununua alimpunguzia mwenzake kuaminiwa. Leo hii Wakongo waliokimbia Goma na Bukavu, mji mmoja ulipotekwa Januari 2025 na mwingine Februari, wanakaa kwenye kiti hichohicho.

Nielewe vizuri hapa. Kuomba hifadhi si aibu wala si ujanja. Kama kuna jambo linalokufanya uogope kurudi nyumbani, la kwako mwenyewe, na najua baada ya Oktoba 2025 wapo Watanzania wenye hofu ya kweli, basi lipeleke kwa mwanasheria kwa jina lako halisi, ulieleze kama lilivyo, na usichelewe. Barua yako haikutaja hofu ya namna hiyo. Imetaja deni, upweke na watoto. Hayo ni mazito, lakini si ukimbizi.

Nimeishi huku miaka 22. Nilimjua kijana wa Temeke aliyejilipua mwanzoni mwa miaka ya 2000, akachukua jina la nchi nyingine, akafanikiwa. Ndiyo, alifanikiwa, sitakudanganya kwamba wote hukamatwa. Mama yake alipofariki asingeweza kusafiri kwenda Tanzania, kwa sababu kwenye makaratasi yake hakuwa na mama Tanzania. Siku ya mazishi nilikaa naye jikoni kwake. Simu aliiweka juu ya meza, karibu na kopo la sukari, akaifungua sauti. Tukasikia watu wanaitikia dua. Kisha sauti ya mzee mmoja ikauliza, "Mtoto wake wa kiume yuko wapi aje ashike?" Yeye akaifunika simu kwa kiganja, kama vile kule wangeweza kumwona. Hiyo ndiyo bei ya pauni 1,500 zile, na huilipi siku unayonunua.

Ujerumani nako usiende. Kwanza kibali chako cha Uingereza hakikupi ruhusa ya kuingia nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, ungehitaji viza nyingine. Pili, kule nako kumebadilika. Tangu Julai 2025 Wajerumani wamesimamisha kwa miaka miwili kuunganisha familia za watu wenye ile hifadhi ya daraja la pili, ambayo hupewa wasiotambuliwa kama wakimbizi kamili lakini hawawezi kurudishwa. Na Umoja wa Ulaya wote una mkataba mpya wa uhamiaji uliopitishwa 2024, unaoanza kutumika Juni 2026: wanaotoka nchi ambazo maombi yanayokubaliwa hayazidi asilimia 20 watasikilizwa kwa haraka hukohuko mpakani. Binamu anaita kwa upendo, ila anakuita kwenye nyumba inayofunga madirisha.

Turudi kwenye siku zako. Barua imeandikwa tarehe 9 Januari, mwisho 10 Machi. Wakala amekula siku nane. Leo, kabla hujapika chai, ingia kwenye akaunti yako ya viza na ubadilishe barua pepe na namba ya simu viwe vyako. Ukishindwa kuingia, wapo wa kukusaidia kwenye ofisi za Citizens Advice, wanaotoa ushauri bure. Siku hizi kadi hakuna, kibali chote kiko mtandaoni, kwa hiyo mwenye nywila ndiye mwenye mlango. Usimwachie mtu mwingine hata saa moja zaidi.

Ndani ya siku hizo unatakiwa upate mwajiri mwingine mwenye leseni, akupe cheti cha udhamini, na ombi lako liwe limetumwa kabla ya tarehe 10 Machi. Likitumwa kwa wakati unaruhusiwa kukaa ukisubiri jibu, hata kama jibu litatoka Aprili. Kazi mpya usiianze mpaka kibali kitoke. Na hapa mabadiliko yaliyowaumiza wengi yanakupa wewe nafasi ndogo. Tarehe 22 Julai 2025 serikali ilifunga kabisa kuajiri walezi kutoka nje ya nchi, hakuna tena mtu wa kutolewa Tanga wala Manila kwa kazi hii. Wazee bado wapo na wanahitaji kuogeshwa. Kwa hiyo mwajiri anayetaka mlezi wa kigeni lazima amtafute miongoni mwenu mliokwisha kufika. Wapo maelfu waliopoteza wadhamini kama wewe, ushindani ni mkali, lakini wewe una karibu miaka miwili ya kazi hapahapa.

Kila mkoa wa England una ushirika wa kusaidia walezi walioachwa na wadhamini wao, umeundwa kwa fedha za serikali. Tafuta ule wa eneo lako la Midlands, jiandikishe kwa jina lako na namba ya barua ya Home Office. Huduma hiyo hailipiwi. Zungumza pia na Work Rights Centre, ni shirika la hisani linalowasaidia walezi wa kigeni bure, na waambie habari ya mishahara ya miezi miwili na saa 39 ulizoahidiwa. Muda wa kufungua shauri la mshahara ni mfupi mno, na wako unaweza kuwa umepita au uko ukingoni, kwa hiyo hilo lisisubiri wiki ijayo.

Mtu akikwambia ana cheti cha udhamini cha kuuza, ondoka. Cheti hicho hutolewa na mwajiri na gharama yake ni ya mwajiri. Jina la kampuni litafute kwenye orodha ya wadhamini ambayo Home Office huitangaza, kisha uliangalie kwa CQC, ile tume inayosimamia huduma za ulezi England, maana bila kusajiliwa huko hawawezi kukudhamini kama mlezi. Mshahara usiwe chini ya pauni 12.82 kwa saa, na uandikwe idadi ya saa. Wakikuandikia "saa kadiri zitakavyopatikana", umeshaijua hiyo nyimbo.

Ushauri wa viza uchukue kwa mwanasheria aliyesajiliwa, au mshauri aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority. Huyo wa kupanga hadithi kwa pauni 1,500 anavunja sheria kwa kukushauri tu. Mimi ni dada yako, si mwanasheria, na hilo la watoto nililoanza nalo nataka ulipeleke kwa mtu wa sheria akalisome pamoja na tarehe za kibali chako zote. Muulize hivi: "Nimekuwa na kibali cha mlezi bila kukatika tangu kabla ya 11 Machi 2024, je, mume wangu na watoto wanaweza kuomba kunifuata nikipata mwajiri mpya?" Iandike kwenye karatasi usije ukaisahau kwa woga. Akikubali, jueni kwamba familia huulizwa fedha za kujikimu: pauni 285 kwa mume, 315 kwa mtoto wa kwanza na 200 kwa wa pili, jumla 800, zikae benki siku 28, au mwajiri awadhamini. Ada za viza ziko mbali na hapo. Si fedha ndogo kwa mtu anayelala sebuleni, najua.

Kuna kishawishi kingine ambacho hukukitaja, lakini najua kitakuja ukifika Februari mfuko mtupu: kufanya kazi ya usafi usiku kwa jina la mtu mwingine. Ukikamatwa humo, ombi lako safi linachafuka. Bora uombe chakula kwenye benki ya chakula ya kanisa au msikiti. Hakuna wa kukucheka, nusu ya walezi wa mji huo wameshasimama kwenye foleni hiyo.

Na ikifika Machi hujapata? Hapo nitakuwa mkweli, maana mumeo amesema neno ambalo si la kupuuzwa. Ukiondoka kabla ya tarehe 10, kwa nauli yako, unaondoka na jina safi. Ukizamia ukapitisha zaidi ya siku 30, unaanza kufungiwa kurudi. Lakini ujue pia kwamba ukishatoka, njia ya ulezi kutoka nje imefungwa, hutarudi kwa mlango huo. Hata ukibaki, Novemba 2025 walipendekeza kazi kama yako ingoje miaka 15 badala ya mitano kupata makazi ya kudumu. Wakati naandika haya bado ni pendekezo, ila lipime na mumeo. Watoto wenu watakuwa na umri gani baada ya miaka 15? Je, mnataka Uingereza, au mnataka kulipa deni na kukaa pamoja? Ukimaliza deni kwa miaka mitatu ukiwa na wanao hapa, halafu mkarudi wote Tanga, hilo nalo ni jibu. Mwalimu haachi kuwa mwalimu.

Nina hasira na nchi hii, sitaficha. Mwaka 2020 walisimama milangoni kila Alhamisi usiku kuwapigia makofi walezi. Februari 2022 wakafungua viza, wakawaita. Waliacha kampuni za mfukoni ziwauzie watu kazi ambazo hazipo, na walipoamua kusafisha, aliyepewa siku 60 ni mwanamke aliyeuza kiwanja cha Pongwe. Mwenye kampuni hana tarehe ya mwisho. Wewe hukukosea kuja. Ulikuja kwa viza halali, ukawaogesha wazazi wa watu, ukatembea kwenye mvua bila kulipwa. Usikubali mtu akakufanya ujione mhalifu, na usijiingize kwenye jambo litakalowapa sababu.

Mumeo mwambie yote, pamoja na hilo la haki ya watoto, leo, hata kama bado halijathibitishwa. Amekuwa akibeba nusu ya mzigo huo gizani.

Na huyo mdogo usimwambie tena Ijumaa. Mchukue kwenye kalenda, mwoneshe tarehe 10 Machi, mwambie siku hiyo mama atapiga simu kumwambia kama yeye anakuja au mama ndiye anarudi. Akitaka kukata siku kwa kalamu, mwache akate.